Kichupa cha Mdogo Wake Chuma

Kufuli la jokofu la maabara halikuvunjwa. Inspekta alilikagua, akachukua alama za vidole, kisha akamgeukia Profesa, mkuu wa maabara.

"Kimeibiwa nini hasa?"

"Kichupa kimoja. Vipande vifupi vya RNA."

"Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako."

"Tunaviingiza ndani ya seli za binadamu tunazozikuza humu. Vinaifunga jeni moja mdomo. Tukiona seli imebadilika vipi, tunajua jeni ile ilikuwa na kazi gani."

"Na hiki kilichoibiwa?"

"Kinanyamazisha jeni mbovu inayoua neva. Humu maabara, seli zinapona."

"Kwa mtu je?"

"Hatujakijaribu kwa mtu. Kikiingia hivihivi kwenye damu, kinasagwa kabla hakijafika popote."

Vichupa vya thamani kubwa zaidi vilikuwa palepale. Mwizi huyu hakufuata mali.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Chuma, fundi wetu wa maabara. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kukosa kazini."

"Leo yuko wapi?"

"Leo hajafika."

"Ana mgonjwa nyumbani?"

"Mdogo wake," Profesa akasema taratibu. "Ugonjwa huohuo."

Inspekta aliukuta mlango wa Chuma uko wazi. Chuma alikuwa ameketi kitandani, kichwa cha mdogo wake kikiwa mapajani. Bomba la sindano lilikuwa sakafuni. Kijana alichemka kwa homa. Inspekta aliita gari la wagonjwa kabla ya kuuliza lolote.

"Umemchoma?"

"Nimemchoma, Afande."

"Hukujua kwamba dawa haitafanya kazi?"

"Majaribio nilifanya mimi. Nani ajue kunizidi?"

"Sasa kwa nini?"

"Ugonjwa huu ulimchukua baba, nikatazama. Ukamchukua kaka, nikatazama. Huyu ndiye aliyebaki. Kutwa naponya seli zisizo na jina, jioni narudi kumfuta mate ndugu yangu wa tumbo moja. Juzi akaniuliza, 'Dada, huko kazini kwenu hakuna kitu kabisa?' Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?"

Inspekta aliliokota bomba la sindano.

Kijana akafumbua macho. Mikono yake ilirukaruka juu ya shuka, hakuweza kuizuia.

"Dada," akasema kwa shida, "imeanza kufanya kazi?"

Chuma aliinamisha uso, akambusu kwenye paji.

"Bado kidogo, mdogo wangu," akasema, huku akimnyooshea Inspekta mikono yake miwili.