Upande wa Chini wa Blanketi la Mama Opal

Lavonne alikuwa mpishi wa shule katika mji mdogo wa Nebraska. Mama yake, Opal, aliishi naye. Macho ya mama yalikuwa yanakufa polepole. Hata hivyo, kwa miaka mitatu alikuwa akiunganisha viraka vya blanketi kwa mkono.

"Nataka kuliona limekwisha, mwanangu," alisema. "Daktari kanipa miezi, si miaka, kabla ya kupofuka."

Basi Lavonne alinunua mashine kubwa ya kushonea mablanketi. Ilijaza sebule nzima. Blanketi hutandazwa kwenye fremu, kisha mshonaji huisukuma mashine juu yake.

"Sasa itabidi tule chakula bafuni," alitania Wendell, mumewe.

Lavonne hakucheka. Siku hiyohiyo alitandaza kazi ya mama: viraka juu, pamba katikati, kitambaa chini. Akashona mistari minne. Juu ilipendeza.

Jirani yake, Darla, mshonaji wa miaka mingi, akaingia. Akapitisha mkono chini ya fremu. Uso ukambadilika.

"Lavonne, hebu chungulia huku."

Chini nyuzi zilikuwa zimelegea na kusokotana kama kiota cha ndege. Lavonne akashika uzi, akaanza kuuvuta.

"Acha!" Darla alimdaka mkono. "Utachana viraka! Ulijaribu kwanza kwenye kitambaa kingine?"

"Hapana. Muda hakuna, Darla!"

"Ndiyo maana. Uzi wa juu umelegea, ndiyo sababu umening'inia chini. Sasa tunakata mshono mmoja kila baada ya mitatu, kisha tunautoa uzi taratibu."

Wakafumua pamoja. Mkasi ulilia, kwach, kwach. Lavonne alisogeza kiraka kando kila ncha ya mkasi ilipokikaribia.

"Mbona nasikia mkasi?" Mama Opal aliuliza kutoka jikoni. "Mmeniharibia?"

Lavonne aliweka mkasi chini. "Ndiyo, mama. Nilifanya pupa."

Kisha mama akasema, "Gauni lako la harusi nililifumua mara mbili. Hukujua tu. Endelea."

Blanketi likatolewa kwenye fremu. Kwa wiki mbili Lavonne alijizoeza kushona kwenye mashuka makuukuu. Darla alimfundisha kupitisha uzi upya na kuukaza kidogo kidogo. Alimwonya asikaze kitambaa kama ngozi ya ngoma.

"Na kila mstari, chungulia chini," alisisitiza. "Juu panadanganya."

Hatimaye wakarudisha kazi ya mama. Lavonne alishona mstari, akachungulia. Mstari, akachungulia. Jasho lilimtoka mpaka mstari wa mwisho.

Jumapili mama aliketi dirishani, blanketi mapajani. Alilisogeza karibu na jicho la kushoto, lililobaki na nuru.

"Nyekundu naiona," alisema. "Na hii ya kijani."

Akaligeuza. Akapitisha vidole upande wa chini, taratibu, kutoka pembe hadi pembe.

"Huku," mama alisema, "hata nikipofuka nitapaona."