Saa Zilizoandikwa Jikoni

Ndugu zangu, Jumamosi ile uwanja wetu wa ndege wa nyasi wa Hadley Fork, Nebraska, ulikuwa umechangamka. Watu walikuja na ndege zao ndogo kula pankeki, kama kila mwaka mwanzoni mwa Juni. Kwenye ukuta wa banda la ndege vilining'inia vitambaa: mwanafunzi akiruka peke yake mara ya kwanza, mwalimu hukata kipande cha shati lake mgongoni na kuandika jina na tarehe. Verlene Kolbeck, mwalimu wa urubani, alikuwa akiwamiminia wageni shira, amekipa mgongo kitambaa cha samawati. Kilikuwa cha marehemu kaka yake, Wendell.

Baba yao, mzee Orrin, akabwaga mezani daftari la saa za kuruka.

"Tia sahihi. Maren amebakiza saa tatu tu, na mtahini anakuja Jumatatu. Wendell anatimiza miaka miwili kaburini mwezi huu. Nataka Maren, binti yake, apite juu ya kaburi na leseni mfukoni."

"Hizo tatu ameziruka lini, Baba?"

"Amekulia bandani humu! Ameshika usukani tangu ananyonya. Hazihesabiki hizo?"

"Hazihesabiki."

Leseni ile ndogo ya urubani inataka saa ishirini: angalau kumi na tano na mwalimu, tano peke yako. Wendell alikuwa na kumi na tatu. Saba zilizobaki mzee, wakati huo akiwa bado mwalimu, alimwandikia mezani jikoni, kahawa ikipoa. Akafaulu mtihani siku isiyo na upepo. Wiki ya tatu, upepo wa ubavuni ulimkuta akitua. Tulimzika Alhamisi.

"Saini basi, pankeki zinapoa!" Lyle, fundi wa injini, akatania. "Saa tatu tu! Mke wangu hunisubiri zaidi nikienda kununua misumari."

"Lyle, wewe ulibeba jeneza," Verlene akasema. "Lilikuwa na uzito wa saa ngapi?"

Lyle akainamia sahani yake.

"Uwanja ni wangu," mzee akafoka. "Kama hutii sahihi, rudisha funguo za banda."

Verlene akaziweka juu ya daftari. "Chukua. Ndege yangu nitailaza kwenye mahindi. Sahihi yangu hupati, Baba. Si leo, si Jumatatu."

"Shangazi, unaniaibisha mbele za watu!" Maren alikuwa na miaka ishirini, na machozi yalimlengalenga.

"Aibika, mwanangu. Ila uwe hai."

Maren alikitazama kitambaa cha samawati. Kisha akatazama nje, ambako mfuko wa kuonyesha upepo ulikuwa umejaa, umekingama njia ya kurukia.

"Upepo huu ndio ule uliomuua Baba?"

"Ndio ule."

"Basi nifundishe huu."

Wakatoka, wakaruka pamoja. Mara ya kwanza kutua, ndege ilidunda vibaya, watu wakashika vichwa. Ya pili ikapinda. Ilipogusa nyasi mara ya nne, mzee Orrin alikuwa amesimama kando ya uzio, akihesabu kwa vidole, funguo mkononi. Verlene aliposhuka, mzee akamrudishia funguo hizo.

Maren alifanya mtihani Julai, saa zake zote akiwa ameziruka.

FUNZO

Msiandikiane saa. Mzazi, mwalimu, jirani: unayempenda, mkatalie, hata mbele ya meza iliyojaa wageni. Wakikuita mgumu, waache waite. Sisi tulikuwa wapole kwa Wendell, na kitambaa chake bado kiko ukutani.