Nafasi ya Asiyekuwepo

Kila Desemba inapoelekea kwisha, Hiza, mpiga picha wa Masuguru pale Korogwe, hujipa kazi moja ambayo hakuna mteja anayemlipa. Huchagua picha alizozipenda kuliko zote za mwaka mzima, huzichapa kubwa na kuzitundika kwenye ukuta wa mbele wa studio, wapita njia wazitamani na wapiga picha wenzake wavimbe kwa wivu. Mwaka huu alizitandaza mezani mchana wa jua kali, feni ikimpuliza kisogoni, roho nyeupe kabisa. Ndipo alipoziona zile nyasi.

Ilikuwa picha ya harusi ya Mnyuzi. Bibi harusi, Mwanaidi, amesimama na ndugu zake mbele ya nyumba, na katikati yao kuna pengo. Pengo lenyewe halikuwa kosa. Ndilo lililompa Hiza jina kuanzia Korogwe mpaka Handeni. Familia ikiwa na marehemu, au mtu aliye mbali, au mgonjwa asiyeweza kutoka ndani, Hiza huwapanga watu na kumwachia asiyekuwepo nafasi yake. Baadaye wakimletea picha yake ya zamani, humchomeka pale kwa kompyuta hata usijue. Nafasi ile ya Mnyuzi ilikuwa ya mama yake Mwanaidi, marehemu Maryamu, ila picha yake haikuletwa, na Hiza akatokea kuipenda ile ya harusi vilevile na pengo lake. Sasa nyasi za pale kwenye pengo zilikuwa zimelala, mahali pawili, kama zimekanyagwa na nyayo.

"Mbuzi," Hiza akajiambia. Mbuzi gani husimama kwa miguu miwili katikati ya harusi, hilo hakujiuliza.

Akavuta picha ya Handeni, ya familia ya Koikai, wafugaji wa kule nyikani. Bibi yao, Nairesiae, alikuwa hoi ndani siku ile, wakamwachia nafasi. Hapo palikuwa na vumbi tupu. Lakini Koikai na dada yake, waliosimama kila upande wa pengo, walikuwa wamebana mabega kama watu wawili kwenye kiti walioongezewa wa tatu, na Hiza alikumbuka wazi kwamba aliwapanga wakae kwa nafasi. Mtoto wao mdogo, ambaye Hiza alimpenda kwa sababu aliikazia kamera macho bila kupepesa, hakuwa akitazama kamera tena. Alikuwa ameinua uso kuelekea kwenye pengo, juu, juu sana kuliko kimo cha mtu, mdomo wazi.

Picha ya tatu hakutaka kuivuta, akaivuta. Alikuwa Yusra, mke wake, ameketi kwenye benchi uani kwao, tumbo kubwa, mkono mmoja juu ya tumbo. Mimba mbili za kwanza ziliharibika; hii ilikuwa imefika miezi ya mwisho, na kwa furaha Hiza alimwachia mtoto nafasi yake kando ya mama. Upande ule wa pengo, kanga ya Yusra ilikuwa imebonyea begani. Mikunjo yake ilikuwa mirefu na myembamba, mmoja kando ya mwingine, kama vidole.

Harufu ikamjia, ya kuni zilizozimwa kwa maji. Na nyuma ya pazia la kupigia picha, benchi la wateja likalia taratibu, jinsi linavyolia mtu anapokaa.

Mnajua alichokosea? Hiza alikuwa na mzaha wake. Kila anapomwachia mtu nafasi, kabla ya kubonyeza, huinamia pengo na kusema, "Karibu, karibu sana, nafasi yako hii," watu wakacheka na picha ikatoka na meno. Siku ile ya Mnyuzi mjomba wa Mwanaidi hakucheka.

"Mtaje jina, kijana," alimwambia. "Sisi hata kwenye tambiko hatumwiti mtu bila jina. Ukisema karibu tu, unajuaje nani kaitika?"

"Sawa, mjomba," Hiza alijibu, kwa mdomo tu. Handeni akasema karibu tupu. Nyumbani kwake, mbele ya tumbo la mkewe, akasema karibu tupu.

Alizichoma zile picha nyuma ya studio, akafunga, akakimbilia nyumbani. Yusra alikuwa anafua.

"Umerudi tena?" Yusra akashangaa. "Mbona sasa hivi umetoka hapa?"

"Nimetoka hapa saa ngapi?"

"Si umekuja umenishika bega, ukaondoka bila hata salamu! Na mkono wako ulikuwa wa baridi, mume wangu. Unaumwa?"

Hiza akacheka kicheko kikavu na kusema ni uchovu. Hakuthubutu kumwambia. Mwanamke aliyekwisha kupoteza mimba mara mbili humpi habari kama ile.

Kesho yake alikuwa Mnyuzi kwa Bibi Mwaija, mganga ambaye hana kibao barabarani wala mbwembwe. Alimkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa, usimame kama polisi kwa nini?" Akamsikiliza mpaka mwisho bila kuacha mahindi. "Kwa hiyo ukachoma makaratasi. Umemkaribisha mgeni sebuleni, halafu unachoma picha ya sebule!"

"Ni nani, bibi?"

"Jini. Wengine wana kwao na majina yao, mtu unazungumza nao. Huyu hana kitu, anapita tu akisikiliza nani kasema karibu." Akapunguza sauti. "Kila nafasi mpe mwenyewe. Mtaje jina, mweke pale pake. Asiye na pake atatoka."

Picha bado zilikuwa kwenye kompyuta. Mwanaidi akatuma picha ya mama yake kwa simu; Hiza akaichomeka na kusema, "Maryamu, mama yake Mwanaidi, hapa ni pako." Akatazama, na nyasi zilikuwa zimesimama. Koikai naye akatuma ya bibi yake. Jina la Nairesiae lilipotajwa, mabega yakaachiana, na mtoto akawa anatazama kamera. Hiza alishusha pumzi, akamshukuru Mungu, akafungua picha ya mkewe akiamini kwamba yule mgeni amekwisha kutoka.

Hakuwa ametoka, alikuwa amehamia, maana mikunjo haikuwa tena begani kwa Yusra bali ilikuwa imeshuka, ikipita juu ya titi na kuzunguka tumbo lote upande hadi upande, kanga imebonyea kwa vidole virefu visivyokuwa na idadi ya vidole vya mtu, vimelipakata lile tumbo kwa upole kabisa, jinsi mama anavyopakata cha kwake, na uso wa Yusra kwenye picha, uliokuwa ukicheka, sasa ulikuwa umemgeukia asiyeonekana kama mtu anayenong'onezwa jambo na hajui akatae vipi.

Akampigia Bibi Mwaija.

"Mtoto ana jina?" bibi akauliza.

"Hajazaliwa, bibi."

"Basi huna wa kumtaja." Bibi akaguna. "Zile mbili umemfungia. Hiyo moja ndiyo iliyobaki, na mtoto atazaliwa nafasi yake ina mtu."

"Nifanyeje? Nionee huruma, bibi."

"Ikalie wewe. Jitaje jina lako. Atamwachia mtoto, ila atakaa na wewe, nyuma yako popote uendapo. Na usije ukamshika mwanao."

"Mpaka lini?"

"Ningejua ningekwambia, mjukuu wangu."

Hiza alijipiga picha, akajiweka kando ya mkewe, akasema, "Hiza, hapa ni pangu." Benchi la nyuma ya pazia likalia, jinsi linavyolia mtu anapoinuka. Kisha harufu ya kuni zilizozimwa ikamsogelea mpaka shingoni, na haikuondoka tena.

Mtoto wa kike akazaliwa salama, na Hiza alilia kwa furaha akiwa nje ya geti la hospitali. Hakuingia. Alihamia studio akisingizia kazi, akawa anapeleka matumizi na kuyaacha mlangoni. Alikuwa anaumia. Usiku na mchana alitamani japo kumnusa mwanawe. Huku nyuma watu wakasema kamkataa mtoto kwa kuwa ni wa kike, wengine wakasema makubwa zaidi, na Yusra akayasikia yote.

Siku ya arobaini, Yusra alimfunga mtoto vizuri, akamleta studio mwenyewe. Ilikuwa jioni, mvua inanyesha, mlango ukafungwa kwa upepo nyuma yake.

"Mshike mwanao," akasema.

"Nakuomba, Yusra. Mrudishe nyumbani. Nitakueleza."

"Utanieleza nini? Naulizwa nimezaa na nani! Mshike hata mara moja, nione kwa macho yangu."

Umeme ukakatika. Studio haina dirisha, na giza lilikuwa zito hata mkono wako huuoni. Hiza akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaificha mikono nyuma na kushika mkono kwa mkono, akaukaza kwa nguvu zake zote. Alisikia kandambili za mkewe zikimsogelea, na pumzi ndogo ya mtoto, karibu kabisa na kifua chake.

"Mpokee," Yusra akanong'ona, analia. "Mpokee, baba."

Hiza alizidi kujibana ukutani. Alimwomba Mungu kimoyomoyo mkewe achoke aondoke.

Kisha Yusra akashusha pumzi, na sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, ikawa na raha.

"Eeh, hivyo hivyo. Mshike na shingo. Umeona? Hata hajalia."

Mikono ya Hiza ilikuwa bado nyuma ya mgongo wake.