Mtandao Usio na Mlango

Ko.

Mara moja tu, kama ngumi juu ya chuma.

Huguette Mbuyu aliinua macho. Giza ndiyo kwanza lilikuwa linaingia Kolwezi. Alikuwa ametumwa kazi ndogo: kupanga mitandao pepe ndani ya seva, ile kompyuta kubwa inayobeba mashine nyingi zisizoshikika, kila moja ikijiona ina mwili wake. Kampuni ilikuwa imeiweka katika ghala la zamani kando ya reli. Humo, miaka watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, familia zao zililala zikingoja treni ya kuwarudisha kwao.

Alitengeneza mtandao mpya wa majaribio. Hakuuunganisha na waya wowote wa nje. Mtandao usio na mlango: asiyewekwa ndani haingii.

Kwenye skrini, mashine moja ilikuwa imekwisha kuingia.

Haikuwa na jina.

Aliifuta. Ikarudi. Akaufuta mtandao wote, akauunda upya... Ikawa imetangulia, inangoja.

Ko.

Harufu ya blanketi lililonyeshewa ikajaa chumbani.

"Mama Huguette," akanong'ona tata Omer, mzee mlinzi, kutoka mlangoni. "Usiitike. Kitu inakuita busiku bila kusema jina yake, ile ni mulozi. Ukiitika, inakubeba."

Simu ilikuwa mezani, bado hewani. Chef Barnabé, mkubwa wake wa kazi, aliyekuwa akingoja kazi iishe, akacheka humo. "Ni bale batu ba Kasai, banatafuta treni yabo! Funga ile machine. Safari hii tutabafukuza bote, bazima na bale balikufa."

Hakuwa akitania sana. Siku hizo vijana walikuwa wameanza tena kupita Kapata, mtaa alikoishi Huguette, nyumba kwa nyumba, wakiuliza watu majina ya baba zao. Jina la Kasai lilimaanisha kufunga virago. Huguette aliwajibu Mbuyu, jina la babu mzaa mama, mtu wa kaskazini mwa Katanga. Mama yake alimfunika kwa jina hilo tangu baba alipofia humu ghalani, treni haijafika. La baba, jina la Kasai, halikutajwa tena nyumbani. Hata kwenye sala.

Ko. Ko. Ko.

Pumzi ya baridi ikagusa kisogo chake.

Mchawi huficha jina lake, aliwaza. Lakini huyu... huyu alinyimwa lake. Na sisi ndio tuliomnyima.

Na kama amekosea? Basi atakuwa amemwitikia mchawi. Na hata kama hajakosea, chef atasikia, na kesho Kapata nzima itajua.

"Huguette? Uko na nani kule?"

Mkono wenye maji ukatua begani mwake. Mzito. Tata Omer akapiga ishara ya msalaba.

Huguette hakugeuka. Hakukimbia. Aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Chef, sikia muzuri. Uyu hatafute treni. Hapa ni kwake, na mi pia ni kwangu. Ni baba yangu."

Taa zote za seva zikasimama, hazipepesi.

"Anaitwa Mulumba."