Mashine Isiyopiga Mvuke

Jumamosi ile duka la vyombo vya umeme lilikuwa limefurika. Watu wanapigana viwiko, watoto wanafungua na kufunga milango ya friji, na spika tatu zinapiga nyimbo tatu tofauti. Katikati ya vurugu hiyo alikuwapo Fremu, fundi wa fremu za picha, jina alilopewa na mtaa likamganda. Alikuwa amemaliza kumkabidhi mwenye duka picha yake ya harusi na sasa anatafuta mlango wa kutokea. Njia ikampitisha kwenye meza ya mashine za kahawa.

Hapo palikuwa na muuzaji mwenye tai nyekundu na maneno mengi. Alikuwa anawaonyesha wateja jinsi maziwa yanavyotoa povu. Akafungua kimrija cha mvuke. Fssssss.

Fremu alikuwa sakafuni kabla sauti haijakatika. Mwanamume mzima, shati limenyooshwa kwa pasi, amejikunyata chini ya meza huku mikono kaiweka kichwani. Watu wakaanza kugeuka. Nawaambia, aibu ya namna ile humtafuna mtu miezi na miezi.

Mara akachuchumaa mbele yake dada mmoja mwenye gauni la rangi ya haradali, raba nyeupe na miwani mikubwa.

"Umeangusha nini?" aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kifungo," Fremu akadanganya.

"Cha rangi gani?"

"Cheupe."

Yule dada akaanza kupapasa sakafu kwa bidii. Watu walipoona ni kifungo tu kinachotafutwa, wakarudi kwenye mambo yao.

"Mbona vya shati vyote vipo?" akanong'ona.

"Basi ni cha suruali."

"Cha suruali utakitafuta mwenyewe, kaka yangu."

Fremu akacheka huku meno yakigongana. Walipotoka nje alijua kwamba dada huyo ni mpima macho katika duka la miwani mtaa wa nyuma, na kwamba alikuja kuiangalia ile mashine kwa ajili ya baba yake mzazi, mzee aliyestaafu na sasa ana hamu moja tu duniani: kunywa kahawa ya povu akiwa sebuleni kwake. Kwenye simu, Fremu alimwandika "Miwani". Naye akamwandika "Kifungo".

Mapenzi yao hayakukawia. Kila saa saba mchana simu ya karakana ya fremu iliita.

"Kifungo, umekula?"

"Bado, nakata kioo."

"Kata vioo, ukate na vidole. Mimi sina mpango wa kuolewa na mtu mwenye vidole saba."

"Nani kasema nakuoa?"

"Kumbe hunioi? Haya, nakata simu."

"Usikate, Miwani wangu."

"Ndiyo hivyo, bembeleza kidogo."

Miezi minne walikwenda hivyo. Siku zote walikutana bustanini au kwenye benchi mbele ya duka la miwani, kwa kuwa Fremu alikuwa na sababu isiyokwisha ya kutoingia mgahawani. Mara harufu, mara joto, mara tumbo. Miwani alimcheka, akamwita bibi harusi. Hakujua kwamba kila mgahawa una mashine, na kila mashine ina mvuke.

Kisha siku moja simu ikaita na sauti ya Miwani ilikuwa laini kuliko kawaida.

"Mpenzi, nimekutaja kwa baba. Anataka kukuona Jumapili."

Fremu aliweka nyundo chini. "Amesemaje?"

"Ameuliza kama una akili. Nimemwambia ya kutosha. Sasa sikiliza, usije mikono mitupu. Mchagulie ile mashine ya povu. Nataka uichague wewe, aione imetoka kwako. Kisha uipike kahawa mbele yake, mkae, mzungumze."

"Niipike mimi?"

"Unabonyeza kitufe tu, baba watoto. Inakushinda?"

"Hainishindi," alisema Fremu. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo.

Jumatatu alikwenda dukani, akafika mlangoni, akarudi. Jumatano aliingia hadi kwenye feni. Ijumaa aliifikia meza, akasimama mbele ya mashine saba zinazong'aa, na yule muuzaji akamjia anatabasamu, mkono tayari umeelekea kwenye kimrija. Fremu akageuka na kutoka mguu niponye, akampiga kikumbo mama wa watu aliyekuwa amebeba birika. Usiku huo hakulala. Jumapili alivaa suti ya kijivu na tai ya buluu, akakaa kitandani na viatu miguuni hadi saa kumi jioni. Simu iliita mara kumi na moja. Hakupokea hata moja.

Ya kumi na mbili ilikuwa ujumbe: "Baba ametandika meza mwenyewe. Asante. Usinitafute."

Hebu tuseme ukweli, msichana wa watu angewaza nini? Aliwaza lile ambalo yeyote angewaza, kwamba mwanamume amecheza naye miezi minne na alipotajiwa wazazi akaingia mitini.

Siku tatu Fremu aliishi roho mkononi. Alipokata fremu alikata vipande vifupi, alipopigilia misumari ilipinda. Kilichomtisha zaidi hakikuwa mvuke tena. Alijua hofu yake ina mzizi, na mzizi huo akiufukua mbele ya Miwani, Miwani ataona mtu wa namna gani anataka kuolewa naye. Asipoufukua, amempoteza tayari. Alhamisi asubuhi akapiga moyo konde, akaenda duka la miwani, akaandikisha jina kama mteja.

Miwani alitoka na koti jeupe, akamwona, uso ukafunga.

"Tatizo lako ni nini?"

"Sioni vizuri."

"Hilo najua. Kaa."

Akamkalisha kwenye kile kiti kirefu, akamvisha fremu nzito ya kupimia, akazima taa. Ukutani zikawaka herufi. Akachomeka kioo kimoja, akakitoa, akachomeka kingine.

"Cha kwanza au cha pili?"

"Miwani, nilikuwa mwendesha boila, mtambo wa mvuke."

"Nimeuliza cha kwanza au cha pili. Nje kuna watu wanne wananisubiri."

"Kwenye kiwanda cha kufulia mashuka, kabla sijaanza fremu. Tulikuwa wawili zamu ya asubuhi, mimi na mwenzangu. Siku hiyo bomba lilianza kutoa mvuke, likapiga sauti kama ile ya dukani. Nilijua maana yake, boila linataka kupasuka. Nikakimbia."

Mkono wa Miwani ulisimama hewani na kioo kati ya vidole.

"Nilidhani yuko nyuma yangu. Nilifika uani, likapasuka, nikageuka, hakuna mtu. Sikumwita. Sikumshika. Mlango ulikuwa hatua kumi na nane, baadaye nilizihesabu, na katika hatua zote hizo sikukumbuka kwamba nina mwenzangu. Tulimzika Jumatano. Watu wakaniambia, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Walitaka kunituliza. Nami tangu hapo siwezi kusikia mvuke, na siwezi kumwambia mtu kwa nini."

Fremu alishukuru kwa lile giza.

"Siku ile hukuangusha kifungo," Miwani alisema hatimaye.

"Sikuangusha."

"Hilo nililijua. Nilidhani una kifafa." Akavuta pumzi. "Na Jumapili?"

"Nilishindwa kuinunua mashine. Nikaogopa kuja bila mashine. Nikaogopa kusema kwa nini sina mashine. Hofu moja ilizaa nyingine, nikakaa kitandani na suti."

Miwani akamvua ile fremu ya kupimia. Macho yake mwenyewe yalikuwa yamejaa maji, lakini sauti haikulainika.

"Nakuonea huruma, wallahi. Lakini sasa naogopa mimi. Umemkimbia mwenzako, umenikimbia mimi. Siku nyumba ikishika moto, siku mtoto akiugua, nitageuka nikukute wapi?"

Hilo ndilo swali alilolikimbia miaka yote, na sasa limesemwa na mdomo anaoupenda.

"Twende wote dukani Jumamosi," alisema. "Uone kama naweza kusimama."

"Sikuombi usimame mbele ya mashine."

"Najiomba mwenyewe."

Jumamosi wakaenda. Miwani alivaa sketi nyeusi na viatu vya wazi, hakumshika mkono, alitembea pembeni yake kama shahidi. Fremu alikuwa na suti ileile ya kijivu. Alifika kwenye meza, akamwambia muuzaji wa tai nyekundu, "Fungua."

"Kidogo au sana?"

"Fungua tu, kaka."

Muuzaji, kwa kupenda kazi yake, akafungua mashine mbili kwa mpigo. Mvuke ukapiga yowe, ukapanda juu mweupe.

Fremu hakusimama. Hata sekunde mbili hakusimama. Kila kitu kichwani kikazimika, yakabaki miguu na mlango, akatimua mbio kati ya majiko na mashine za kufulia, akamruka mtoto, akaangusha bango la bei, akatokea barabarani kwenye jua. Akaegemea nguzo, akafumba macho, akalia. Imekwisha. Ameona kwa macho yake.

"Unaniumiza," ilisema sauti karibu na sikio lake.

Akafumbua macho. Miwani alikuwa hapo anahema, nywele zimetimka, mguu mmoja pekupeku. Kifundo cha mkono wake kilikuwa ndani ya kiganja cha Fremu, kimebanwa hadi ngozi imebadilika rangi. Fremu alikitazama kile kiganja kana kwamba ni cha mtu mwingine. Hakukumbuka kukinyoosha.

"Nimekimbia tena," alisema.

"Umekimbia," alisema Miwani, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi. "Umeniburuza duka zima. Nimeita unisubiri nivae kiatu, hukusikia, hukuniachia."

"Sikukuachia?"

"Tazama mwenyewe."

Alitazama tena. Alikuwa bado anatetemeka mwili mzima, isipokuwa mkono ule.

Mlangoni akatokea muuzaji, tai imekwenda upande, kiatu cha Miwani mkononi. "Jamani," alisema, "mashine mnachukua au hamchukui?"

Miwani akamtazama Fremu, akangoja.

"Tunachukua ya kudondosha kahawa," Fremu alisema, "ile isiyopiga mvuke. Uifunge vizuri. Ni ya baba mkwe wangu."