Mbuzi Walipatikana, Samahani Haikusemwa

Kila asubuhi akienda shule, Edina alipita nyumba ya akina Anyesi pale mtaa wa Mkonze. Mlango ulikuwa na kufuli. Zizi lilikuwa tupu. Ilikuwa miezi mitatu sasa tangu rafiki yake ahame, na bado Edina alipunguza mwendo kila alipofika hapo.

Baba yake Anyesi, Kefa, alikuwa mfugaji wa kabila lingine, aliyetoka mbali. Alikuwa ameuza maziwa mtaani miaka sita. Siku moja mbuzi wanne wa jirani yao, Zablon, walipotea. Hakuna aliyemwona mwizi. Lakini watu walisema, "Nani mwingine? Kabila lile tunalijua." Wakaacha kununua maziwa yake. Hata Restuta, mama yake Edina, aliacha. Shuleni Anyesi aliitwa mtoto wa mwizi. Mwishowe familia ilihamia mji wa Kibaigwa.

Wiki moja baadaye mbuzi walionekana mtaa wa Nkuhungu. Walikuwa wamefuata kundi la mtu mwingine. Zablon akawarudisha, na watu wakayasahau mambo hayo.

Edina hakusahau.

Jumamosi moja alimrudishia kitabu jirani yao Anyitike, ambaye ni mkutubi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umenuna? Hukukipenda?"

"Nimekipenda. Ila kimeniumiza."

Ilikuwa riwaya ya nchi ya mbali. Mtu mweusi alishtakiwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Ushahidi ulimtetea, lakini waliomhukumu waliitazama ngozi yake tu.

"Kwa nini hawakumsikiliza?" Edina aliuliza.

"Walikuwa wameshaamua kabla hajafungua mdomo," alisema Anyitike. "Ukimhukumu mtu kwa rangi yake, au kwa kabila lake, humsikii tena."

"Shangazi, baba yake Anyesi naye tulimfanyia hivyo."

Anyitike alikiweka kitabu kando. "Ni kweli. Mimi niliyasikia maneno yale bombani. Nikajaza ndoo zangu, nikaondoka."

"Ilifaa tufanye nini?"

"Ilifaa tuulize: nani aliona? Ushahidi uko wapi? Yeye mwenyewe anasemaje? Na tukishakosea, tumfuate tuliyemkosea. Tulimtuhumu mbele ya watu, basi tumsafishe mbele ya watu."

Edina alikwenda moja kwa moja jikoni. Mama yake alikuwa akichambua mlenda.

"Mama, mbuzi walipopatikana, nani alimwambia baba yake Anyesi?"

"Mambo ya wakubwa hayo, mwanangu."

"Anyesi si mkubwa, mama. Naye walimwita mtoto wa mwizi."

Mikono ya Restuta ilisimama juu ya ungo.

Kwenye mkutano wa mtaa uliofuata, Restuta alisimama. "Nilimwita mtu mwizi, na sikuona kitu. Naona aibu."

Zablon naye akainuka. "Mbuzi walikuwa wangu. Nitakwenda kumwomba radhi."

Mwenyekiti akasema, "Kuanzia leo, mwenye shaka na mtu alete ushahidi ofisini. Si kupeleka maneno bombani."

Jumamosi, Zablon, Restuta na Edina walikwenda Kibaigwa. Walimkuta Kefa sokoni akipakia magunia ya mahindi kwenye lori.

"Ndugu yangu, nimekukosea," alisema Zablon. "Nisamehe."

Kefa alijipangusa vumbi usoni.

"Ninyi mlikuwa kwenu," alisema. "Na mimi nilidhani niko kwetu."

Restuta alilia. Kefa aliwakaribisha chai kwenye kibanda cha pale sokoni, lakini hakuahidi kurudi.

Nje, Anyesi, aliyekuwa amefuatana na baba yake sokoni, alikaa na Edina juu ya gunia moja.

"Bado wanasema sisi wezi?" Anyesi aliuliza.

"Hapana. Mama amekanusha mbele ya mkutano mzima."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."



Mwezi wa kwanza, shule zilipofunguliwa, familia ilirudi Mkonze na mifugo yake. Majirani walisaidia kushusha vyombo, na Restuta alikuwa wa kwanza kununua maziwa. Mwalimu alizungumza na darasa, na waliomwita Anyesi mtoto wa mwizi walimwomba msamaha. Hata hivyo, wiki nzima Anyesi alisimama peke yake kando ya ukuta. Edina alitamani kumvuta mkono, lakini alimngoja.

Ijumaa, wasichana walipokuwa wakigawana timu za mchezo wa rede, Anyesi alikuja mwenyewe uwanjani.

"Na mimi nipangieni upande," alisema.