Mlio Usio wa Redio

Kila alasiri, akishavua sare na kula, msichana mmoja wa darasa la mwisho alikimbilia kibandani kwa baba yake, fundi redio. Baba alikuwa na mikono ya ufundi, lakini masikio yake yalishachoka. Milio myembamba ilimpita bila kubisha hodi. Kwa hiyo kila redio iliyotengenezwa ilipita kwanza kwa binti. Aliweka sikio kwenye spika, akasema, "Bado inalia," au, "Imetulia." Wateja wakambandika jina: Sikio.

Wiki tatu kabla ya mtihani, mwalimu mkuu alimsimamisha mbele ya shule nzima.

"Mwaka huu sifa ya shule iko mikononi mwa huyu. Asituangushe!"

Wenzake walipiga makofi. Sikio alitabasamu. Lakini tangu siku hiyo usingizi ukamkimbia. Asubuhi moja, akipiga mswaki, alisikia mlio: nziiii. Akatazama huku na huku kumtafuta mbu. Hakumwona. Alipoziba masikio, mlio ukazidi.

Hakumwambia mtu. "Nikiwa kiziwi," alijiuliza, "nani atamsikilizia baba?" Na kadiri alivyoogopa, ndivyo mlio ulivyopanda.

Siku chache baadaye, bibi jirani alileta redio yake. Kitufe cha sauti kilikuwa kinakwama, basi. Baba alikisafisha, akamsogezea binti yake.

"Haya, Sikio."

Nziiii. Ni redio au ni kichwa? Hakujua, na kusema hajui aliona aibu.

"Bado inalia, baba."

Baba akaifungua. Akalehemu waya mmoja. "Sasa je?"

"Bado."

Akabadilisha spika. Bado. Ulimi wa Sikio ulikataa kurudi nyuma. Bibi aliporudi, redio yake ilikuwa imetapakaa mezani kama kuku aliyenyonyolewa.

"Makubwa haya! Fundi, nimekuletea kitufe, wewe umeichinja yote?"

"Inalia, mama. Binti yangu ameisikia."

"Redio yangu inasema tu, haijawahi kulia! Imefiwa na nani?"

Baba hakucheka. Alimtazama binti yake kwa muda, akaunganisha vipande haraka haraka, kisha akachomoa waya wa umeme.

"Sikiliza tena, mwanangu. Inalia?"

Redio ilikuwa imezimika kabisa.

"Inalia, baba. Inalia kichwani mwangu. Siku kadhaa sasa." Machozi yakamshinda. "Niliogopa utakosa mtu wa kukusikilizia."

Bibi akatupa mkoba wake chini, akamkumbatia. "Ee mjukuu wangu! Na mimi nagombania kitufe!"

Kesho yake baba alifunga kibanda, wakaenda zahanati. Daktari alimulika masikio yote mawili, akampima usikivu.

"Masikio yako mazima. Unalala vizuri?"

"Hapana. Tangu mwalimu mkuu aseme sifa ya shule iko mikononi mwangu, silali."

"Milio ya namna hii huweza kuletwa na nta, maradhi au kelele kubwa, ndiyo maana lazima mtu apimwe. Kwako sioni hayo. Ila wasiwasi humfanya mtu awe kama mlinzi mwenye hofu: jani likianguka, anapiga filimbi. Mlio unakutisha, nayo hofu inaukuza mlio. Lala mapema, cheza, na usibebe mzigo peke yako. Mlio ukiendelea, rudini."

Baba alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Walizungumza mlango ukiwa umefungwa. Siku iliyofuata mwalimu alimwita Sikio kando. "Nilikutwisha mzigo wa shule nzima, mwanangu. Nisamehe. Wewe jibu maswali yako tu."

Mlio haukuondoka mara moja. Ulipungua polepole, siku nyingine ukirudi kidogo. Mtihani ulipokwisha, bibi alikuja tena na redio.

"Leo ni kitufe tu!" alionya kutoka mlangoni.

Sikio alisikiliza, akasita. "Sina hakika, baba. Ngoja nipumzike kidogo, nisikilize tena."

Baba aliweka bisibisi chini, uso ukamkunjuka.

"Hilo ndilo jibu nililolikosa siku ile. Redio nyingine nitapata, mwanangu; wewe mwingine sitapata. Jambo likikulemea, liseme lingali dogo. Mimi masikio yangu hayasikii kilio cha kimyakimya."